Kuni za kupashia nyumba joto: kwa nini mita 5 zikipangwa zinakuwa 3 na nusu

Mtu anaagiza kuni steri 5, yaani mita 5 za ujazo, zimekatwa vipande vya sentimita 33, trela inakuja inamwaga, anashinda siku nzima anazipanga kwa mstari mzuri, alafu anachukua tepu anapima urefu mara kimo mara kina. Anapata mita za ujazo 3 na nusu. Anarudia hesabu, bado 3 na nusu. Anapiga simu kwa hasira, na muuzaji upande wa pili anamjibu bila hata kushtuka kwamba mzigo umefika kamili. Na kweli, muuzaji hajamwibia kitu.

Biashara ya kuni kwa nchi za baridi, kule ambako watu wanawasha jiko la kuni ndani ili nyumba ikalike miezi ya barafu, ina utata huu kila siku na chanzo chake si uongo tu (japo uongo nao upo). Chanzo ni kwamba wewe unataka joto, ila joto halipimwi kwenye trela, kwa hiyo unauziwa nafasi au unauziwa uzito, na kati ya hiyo nafasi na joto lako kuna vitu vitatu vimejificha: hewa, maji, na aina ya mti. Kila kipimo kinachotumika sokoni kinaficha kimoja au viwili kati ya hivyo. Ukishajua kipimo chako kinaficha kipi, unajua cha kuuliza, na hapo ndo ugomvi mwingi unaisha kabla haujaanza.

Tuanze na hewa maana ndo inayoleta makelele mengi.

Kuni hazina umbo la tofali. Ukizipanga hata kwa ustadi wote bado zinabaki nafasi katikati, na rundo lililopangwa vizuri kwa kawaida karibu theluthi moja yake ni hewa tupu. Marekani na Kanada wanatumia kipimo kinaitwa kordi, rundo lililopangwa la futi 4 kwa futi 4 kwa futi 8, yaani futi za ujazo 128, ambazo ni kama mita za ujazo 3.6. Sasa ndani ya hizo futi 128, mti wenyewe huwa kwenye futi 80 hadi 90 hivi, inategemea magogo yamenyooka kiasi gani na mpangaji ana subira kiasi gani. Kumbuka kipimo kinasema kuni zilizopangwa kwa kubana, si zilizorushwa. Mtu akirusha rushia tu anaweza kujaza nafasi ya kordi kwa kuni pungufu sana na kwa macho ukaona iko sawa.

Alafu kuna hii wanaiita kordi ya uso, hapo ndo wengi wanapigwa. Rundo lina futi 8 kwa urefu na futi 4 kwenda juu, likiangaliwa kwa mbele linafanana kabisa na kordi kamili, ila kina chake ni urefu wa kipande kimoja tu. Kama vipande ni inchi 16, umepata theluthi ya kordi. Vipande vya inchi 12 ni robo. Vipande vya inchi 24 ni nusu. Kwa hiyo mtu akikwambia bei ya kordi ya uso bila kukwambia urefu wa kipande, hajakwambia kitu bado. Ndo maana kanuni za mfano za vipimo zinazotolewa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, zinataka kuni ziuzwe kwa kordi kamili au sehemu yake au kwa mita za ujazo, na maneno kama kordi ya uso, rundo, au "mzigo wa lori" zinayakataza kabisa kwenye tangazo. Lori gani? Lina bodi za kimo gani? Limejazwa na nani? Pikapu ya kawaida haiwezi kubeba kordi kamili ya kuni mbichi za mti mgumu, maana uzito wake unapita tani 2 hivi, nafasi yenyewe nyuma haitoshi, kwa hiyo ukiletewa "kordi" kwa pikapu kwa safari moja, we jua tu.

Turudi kwa yule wa steri 5. Steri ni kipimo cha Wafaransa, kilizaliwa pamoja na mfumo wa mita wenyewe mwaka 1795, na maana yake ni mita moja ya ujazo ya kuni zilizopangwa. Shida iko kwenye kitu ambacho hakisemwi: steri inahesabiwa kwa magogo ya urefu wa mita moja. Ukichukua steri moja ya magogo ya mita, ukayakata katikati yakawa ya sentimita 50 na ukayapanga upya, rundo linashuka linakuwa karibu mita za ujazo 0.8. Ukiyakata mara tatu yakawa ya sentimita 33, linakuwa kama 0.7. Hakuna hata kijiti kimoja kilichopotea, mti ni ule ule, kilichotoka ni hewa. Sababu ni kwamba gogo refu huwa limepinda, lina vifundo, lina pembe ya tawi iliyokatwa, na gogo moja lililopinda linasukuma jirani zake wote kwa urefu wote wa mita, ila ukilikata kila kipande kinakuwa karibu kimenyooka na vinakaliana vizuri. Ndo maana 5 mara 0.7 ni 3 na nusu. Hizo namba ni za makadirio, kuni zilizonyooka sana tangu mwanzo hazishuki kiasi hicho maana hazikuwa na hewa nyingi ya kutoa, na zilizopinda pinda zinashuka zaidi, ila kwa biashara ya kawaida ndo zinazotumika.

Angalia jambo hili linageuka pia upande wa pili. Muuzaji A anasema steri moja iliyokatwa 33, muuzaji B anasema mita moja ya ujazo iliyopangwa ikiwa tayari ni 33. Yanasikika sawa lakini B anakupa kuni nyingi kuliko A, kama mara moja na nusu kasoro kidogo. Bei ya B ikiwa juu kidogo usimkimbie, piga hesabu kwanza.

Wajerumani wamelimaliza hili kwa kuwa na vipimo vitatu tofauti na kila mtu anajua anaongelea kipi: mita ya mti mtupu usio na hewa, mita ya kupangwa, na mita ya kumwagwa. Mita moja ya mti mtupu ukiipanga inakuwa kama mita 1.4, ukiimwaga tu ovyo kwenye trela inakuwa mita 2 au zaidi kidogo. Mi naona huu ndo utaratibu bora kuliko yote kwa sababu unamlazimisha muuzaji aseme neno moja la ziada, na hilo neno moja ndo lenye pesa zako.

Kwa hiyo zikija zimemwagwa unapima hivi: pima ndani ya trela, urefu, upana, na kimo cha wastani (kuni huwa zinainuka katikati kama kilima, usipime kileleni, zisawazishe kwanza). Tuseme trela ni mita 2 kwa 1.2 na kuni zimefika nusu mita, hiyo ni mita za ujazo 1.2 za kumwagwa. Gawa kwa 1.5 kwa vipande vifupi, utapata kama 0.8 ya kupangwa. Zidisha kwa 0.7, maana karibu theluthi ya rundo ni hewa, na mti mtupu ni kama 0.55. Yaani zaidi ya nusu ya ulichokiona kwenye trela kilikuwa hewa, na hilo ni jambo la kawaida kabisa, halina wizi wowote ndani yake.

Na kama unataka kujua rundo lako wewe lina hewa kiasi gani badala ya kutegemea wastani wa watu wengine, kuna njia rahisi sana. Nyoosha tepu kwa mshazari mbele ya rundo, kutoka kona ya chini hadi kona ya juu upande wa pili, alafu jumlisha sentimita zote ambazo tepu inapita juu ya mti, zile inazopita juu ya matundu unaziacha. Gawanya na urefu wote wa tepu. Ukipata 0.65 basi asilimia 65 ni mti. Fanya sehemu mbili tatu upate wastani. Inafanya kazi kwa sababu vipande vimelala sambamba, kwa hiyo kinachoonekana kwenye uso ndo hicho hicho kinachoendelea ndani, isipokuwa mtu awe amepanga uso vizuri na nyuma akatupia tupia, maana hiyo nayo ipo.

Haya, hewa imeisha. Maji sasa.

Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa maji. Hapa watu wengi wanaposikia "asilimia" wanapotea kwa sababu kuna asilimia mbili zinazotembea na hakuna anayesema anatumia ipi. Chukua kipande chenye kilo moja ya mti mkavu kabisa na robo kilo ya maji. Watu wa kuni wanagawa maji kwa uzito wote: 0.25 kwa 1.25, wanapata asilimia 20. Watu wa mbao, maseremala na viwanda, wanagawa maji kwa mti mkavu peke yake: 0.25 kwa 1, wanapata asilimia 25. Kipande ni kile kile. Kwa mti mbichi tofauti inakuwa kichekesho kabisa, kilo moja ya mti na kilo moja ya maji ni asilimia 50 kwa wale na asilimia 100 kwa hawa. Sasa vile vipima unyevu vya pini mbili vinavyouzwa kila mahali, vingi vimetengenezwa kwa hesabu ya watu wa mbao. Kwa hiyo kikikuonyesha 25, kwa lugha ya kuni ni 20, na ukikataa mzigo kwa sababu kimesoma 23 unaweza kuwa umekataa kuni nzuri tu. Soma karatasi yake kinatumia hesabu gani.

Kingine kuhusu hivyo vipima, usichome pini nje kwenye uso wa zamani wala kwenye ncha ya kipande, huko kumekauka zamani na kutakudanganya. Pasua kipande upya, choma katikati ya uso mpya ulioupata, pini zifuate mwelekeo wa nyuzi za mti, na kipande kisiwe kimetoka kwenye barafu sasa hivi maana baridi inakifanya kisome pungufu. Alafu juu ya 30 hivi usikiamini sana, hapo kinachosema kwa uhakika ni "mbichi" tu, mbichi kiasi gani hakijui.

Ila mi njia ninayoipenda haina betri. Mzani wa jikoni. Chagua vipande vitatu vinne, viandike namba na uzito kwa kalamu ya mkaa, virudishe katikati ya rundo, kila mwezi vitoe uvipime. Vikiwa vibichi utaona uzito unashuka haraka, baadaye unashuka polepole, ukifika mahali hausogei tena ujue vimeshalingana na hewa ya hapo ulipo na kukaa zaidi hakutaongeza kitu kikubwa. Ukitaka namba kamili kabisa unakata kijipande chembamba, unakipima, unakikausha kwenye oveni ya nyuzi joto 103 za Selsiasi hadi uzito usimame, huo ndo mti mkavu, tofauti ni maji. Maabara wanafanya hivyo hivyo. Usiondoke tu ukaacha oveni peke yake.

Sasa kwa nini maji yanaleta shida yote hii? Jibu la kawaida ni kwamba moto unapoteza joto kuyachemsha yawe mvuke. Ni kweli, lakini ukipiga hesabu utashangaa ni kidogo. Kilo moja ya mti mkavu kabisa ina joto kama kilowati-saa 5.2 (ndo zile uniti za umeme). Kilo moja ya maji kuigeuza mvuke inakula kama 0.7. Kwa hiyo kipande chenye kilo ya mti na kilo nzima ya maji, mbichi kabisa, kinatakiwa kibaki na 4.5, na kile kikavu chenye robo kilo ya maji kinabaki na 5 hivi. Tofauti ni kama asilimia 10. Kwa hesabu hiyo mtu angesema aah si mbaya, ngoja nichome tu mbichi.

Shida ni kwamba hesabu hiyo inadhani kila kitu kimeungua. Na mti hauungui kama mkaa, sehemu kubwa ya joto lake iko kwenye gesi zinazotoka mti ukipashwa, zile ndo zinazofanya ndimi za moto, na gesi hizo zinahitaji jiko liwe la moto sana ndo ziwake. Maji yanapokuwa yanachemka ndani ya kipande yanakiweka baridi, jiko zima linashuka, gesi zinatoka lakini haziwaki, zinapanda kwenye dohani zikiwa moshi mzito wa kijivu. Huo moshi ndo joto lako linaondoka likiwa bado zima. Na ukifika juu ambako dohani ni baridi unaganda ukutani ukawa kitu cheusi kama lami, kreosoti, ambacho siku moja moto ukipata nguvu kinashika chenyewe na hapo dohani nzima inawaka kwa ndani, nyumba nyingi zimeungua hivyo. Kwa hiyo hasara ya kuni mbichi haipo kwenye ile asilimia 10, ipo kwenye moshi. Na ndo maana hata mwenye kuni kavu akibana hewa ya jiko usiku kucha ili "zidumu" anapata matokeo yale yale, moshi na lami, japo kuni zake si mbichi.

Uingereza, upande wa England, waliona hili ni suala la hewa ya watu wote wakaweka sheria tangu Mei 2021, kuni zinazouzwa kwa mzigo wa chini ya mita 2 za ujazo lazima unyevu uwe asilimia 20 au pungufu. Mzigo mkubwa unaweza kuuzwa mbichi ila unakuja na maelezo ya namna ya kuukausha, wakidhani mwenye kununua mwingi ana mahali pa kupanga.

Na hapa ndo tunaweza kuunganisha mambo. Maji hayaongezi sana ujazo wa kipande, yanaongeza uzito. Aina ya mti haibadilishi sana joto kwa kilo, kilo ya mwaloni mkavu, ambao ni mti mzito, na kilo ya popla mkavu, ambao ni mti mwepesi, zinakaribiana kabisa, misonobari hata inazidi kidogo kwa sababu ya utomvu. Kinachobadilika ni mti mzito unaingiza kilo nyingi kwenye nafasi ile ile. Kwa hiyo ukinunua kwa ujazo, swali lako la kwanza ni mti gani, maji yanakuhusu kwa maana ya kusubiri zikauke. Ukinunua kwa uzito, mti gani si hoja sana, swali ni maji kiasi gani, tena ulize kabla mzani haujasoma. Tani moja ya kuni zenye unyevu wa asilimia 20 ina kama kilowati-saa 4,000. Tani moja yenye asilimia 50 ina kama 2,250, na hapo nimekuhesabia kwa ukarimu kwamba zote zimeungua vizuri. Kununua kuni mbichi kwa tani ni kununua maji ya kubebewa hadi mlangoni.

Kukausha kwenyewe ndo kupanga, wala hakuna siri nyingine. Maji ndani ya mti yanatembea kwa kufuata nyuzi, yanatokea kwenye ncha zilizokatwa mara kumi au zaidi kwa kasi kuliko kupitia ubavuni, na gome linazuia karibu kabisa. Kwa hiyo kazi mbili zinakuja kabla ya kupanga: kata vifupi na pasua. Gogo la mita lililoachwa zima na gome lake linaweza kukaa miaka likiwa bichi ndani, mengine yanaoza kabla hayajakauka. Pasua magogo yangali mabichi pia, miti mingi inapasuka kirahisi zaidi hivyo.

Alafu upepo. Watu wanadhani jua ndo linakausha, jua linasaidia, ila upepo ndo unaobeba mvuke uondoke. Kwa hiyo mstari mmoja mmoja, ncha zikiangalia upande upepo unakotoka, unakauka haraka kuliko mistari minne iliyobanana, na kama lazima upange zaidi ya mmoja acha nafasi ya mkono kupita katikati. Usiegemeze ukutani kwa nyumba, upepo haupiti, unyevu unahamia ukutani, na wadudu wanapata daraja. Chini weka paleti au miti miwili mirefu, kuni za chini zikigusa udongo zinanyonya maji kila siku unazokausha. Juu funika, juu peke yake. Hili turubai la kufunika mpaka chini ndo kosa linaloonekana kila mahali, maji yanayotoka kwenye kuni yanagonga turubai usiku yanarudi chini, ukifungua baada ya miezi mitatu unakuta ukungu mweupe na harufu ya uyoga. Kuni zilizopigwa na mvua kidogo ubavuni zinakauka siku mbili, maji ya mvua yako juu juu tu, yale ya ndani ndo yenye kazi.

Miisho ya mstari ndo inayobomoka, kwa hiyo pale jenga kama mnara: safu moja ilale hivi, inayofuata iikate, chagua vipande vya mraba mraba kwa kazi hiyo. Na ujue kuni zikikauka zinasinyaa na rundo linakaa chini kidogo, mara nyingi kwa kuegemea upande mmoja, kwa hiyo usipande kimo cha kichwa kwenye mstari mwembamba wa sentimita 33, hasa kama watoto wanapita hapo. Kusinyaa huko pia kuna maana kwenye kupima, rundo ulilolipima bichi ukilipima mwakani litakuwa limepungua bila mtu kugusa, usianze kumwangalia jirani vibaya.

Gome juu au gome chini? Mwaka 2013 televisheni ya taifa ya Norwei ilirusha masaa 12 ya mambo ya kuni, na malalamiko ya watazamaji yakagawanyika karibu katikati, hawa wanadai magome yalitakiwa kuangalia juu na hawa wanadai chini. Kama rundo halijafunikwa, safu ya juu kabisa iwe gome juu, linamwaga maji kama kigae. Chini ya paa haina tofauti ya maana. Tuendelee.

Kupima rundo lililosimama ni urefu mara kimo mara urefu wa kipande, ila kimo pima sehemu tano sita uchukue wastani, na kama ardhi ina mteremko kimo kipimwe kwa pembe mraba na mstari wa chini wa kuni, ukishusha tepu wima kuelekea katikati ya dunia huku urefu umeupima kwa kufuata mteremko utapata kuni ambazo hazipo. Ile minara ya mwisho ina matundu zaidi, wengine wanaitoa kidogo kwenye hesabu. Kuna pia wanaopanga kwa mviringo kama kibanda, nje vipande vimepangwa kwa duara na ndani vimetupiwa, huo unapima kama pipa, nusu kipenyo mara nusu kipenyo mara 3.14 mara kimo, alafu kumbuka katikati ni kuni za kumwagwa si za kupangwa kwa hiyo mti ni pungufu. Ni mzuri kwa macho. Katikati hukauka taratibu.

Asiyetaka hesabu atengeneze fremu ya mbao ya mita kwa mita kwa ndani. Ukiijaza kwa vipande vya sentimita 33 una theluthi ya mita ya kupangwa, fremu tatu ni mita moja, umemaliza.

Baki la mwisho ni aina ya mti na kiasi gani kinatosha. Mita moja ya kupangwa ya mwaloni mkavu ina kama kilowati-saa 2,000. Msonobari kama 1,500. Popla kama 1,250 hivi. Sasa tuseme nyumba inahitaji joto la kilowati-saa 10,000 kwa msimu mzima wa baridi na jiko ni zuri la kisasa linalotoa ndani asilimia 75 ya joto la kuni. Unahitaji kuni zenye kama 13,300. Hiyo ni mita 6.7 za mwaloni, au karibu 9 za msonobari, au zaidi kidogo ya 10 na nusu za popla, zote zimepangwa. Kwa meko ya wazi yasiyo na mlango usihangaike na hesabu hii, sehemu kubwa sana ya joto inapanda juu, hayo ni ya kukaa na kuangalia moto.

Namba hizo zinafanya watu wadharau popla na misonobari, na mi naona wanakosea, kwa sababu miti hiyo ikipasuliwa mwanzo wa kiangazi mara nyingi inakuwa tayari baridi inapoingia au mwaka mmoja kwa uhakika, inawaka haraka, inafaa kuwashia na kwa zile wiki za baridi nusu nusu ambazo hutaki jiko likae na makaa ya moto mpaka asubuhi. Mwaloni unataka miaka miwili, vipande vinene zaidi ya hapo. Kwa hiyo anayenunua mwaloni mbichi mwezi huu ananunua kuni za msimu wa baridi wa tatu kuhesabu kuanzia huu, na anatakiwa awe na nafasi ya kuziweka rundo mbili nzima wakati anachoma la tatu, kila moja limeandikwa mwaka wake kwa rangi kwenye kipande cha mwisho ili mtu mwingine wa nyumbani akienda kuchota gizani asianze na yale mabichi.